Kujiandaa kwa Dharura na Kuishi Salama Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Moto, gesi inayovuja, mafuriko, mtoto aliyekunywa sumu: mengi ya mambo haya huamuliwa katika dakika za mwanzo, kabla zimamoto au gari la wagonjwa halijafika. Katika dakika hizo msaada pekee ni yule aliyeko nyumbani, na mara nyingi si mwenye nyumba. Kwa hiyo kila jibu hapa chini nimelipima kwa swali moja: mtu aliyeamshwa usingizini, gizani, akiwa peke yake na watoto, ataweza kulitekeleza?

Nianzie wapi ikiwa sina pesa ya kununua vifaa?

Anza na nyumba yenyewe. Waite wote wanaoishi humo, pamoja na watoto wenye umri wa kuelewa na msaidizi wa kazi za ndani, mzunguke pamoja. Swichi kuu ya umeme iko wapi? Mtungi wa gesi unafungwaje? Koki kuu ya maji iko upande gani? Ufunguo wa mlango wa nyuma unakaa wapi? Usitosheke na kuonyesha kwa kidole. Kila mmoja azime swichi kuu kwa mkono wake na kuiwasha tena, afunge valvu ya gesi, afungue kufuli. Wapo watu wengi walioishi miaka katika nyumba ambayo hawajui umeme wake unazimwa wapi.

Usiku ukiingia, zimeni taa mrudie yote. Hapo ndipo mtakapogundua kiti kilichokaa njiani, ufunguo unaofanana na mingine, au swichi iliyo juu mno kwa mtoto kuifikia.

Kisha kubalianeni mahali pa kukutania nje, mbali na nyumba na pasipo barabarani: chini ya mti fulani, au mbele ya geti la jirani. Msipokuwa na mahali hapo, mtu aliyekwisha kutoka salama hurudi ndani kumtafuta mwenzake aliyetokea mlango mwingine.

Namba za simu za dharura tuziweke wapi?

Kwenye karatasi, ukutani, mahali ambapo hata mtoto anaweza kusoma. Simu huisha chaji, hupotea, au huwa imefungwa kwa nywila ambayo ni mwenyewe tu anaijua. Andika namba ya zimamoto, gari la wagonjwa, polisi, kituo cha afya kinachofanya kazi usiku, majirani wawili, na ndugu mmoja anayeishi mji mwingine. Huyo wa mbali ana kazi yake: familia ikitawanyika, kila mmoja humtumia yeye ujumbe kusema yuko wapi, naye huwaunganisha. Laini zinapoelemewa, ujumbe mfupi wa maandishi mara nyingi hupita pale simu ya sauti inaposhindwa.

Katika nchi nyingi namba 112 hufika kwenye huduma za dharura, lakini hakikisheni namba rasmi ya mahali mnapoishi kabla ya siku ya kuihitaji. Chini ya namba hizo andika maelezo ya kufika kwenu: jina la barabara, alama inayoonekana kwa mbali, rangi ya geti. Mtu aliyetaharuki husahau hata anwani yake mwenyewe, na mgeni aliyebaki na watoto huenda hakuwahi kuijua.

Begi la dharura liwe na nini?

Begi hili ni la siku mtakayolazimika kuondoka upesi. La kwanza ni vile visivyonunulika dukani: nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati ya nyumba au mkataba wa upangaji, kadi za kliniki na za bima, vyote ndani ya mfuko usiopitisha maji. Pili ni dawa. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu au kifafa awe na dawa za angalau wiki moja pembeni, akizizungusha na zile anazotumia ili zisipitwe na muda.

Baada ya hapo weka tochi na betri zake, redio ndogo, powabenki iliyojaa, noti ndogo ndogo za pesa, vifaa vya huduma ya kwanza, pedi, nepi kama kuna mtoto, miwani ya akiba, na filimbi. Filimbi watu huidharau. Mtu aliyenaswa chini ya kifusi au juu ya paa hupotewa na sauti haraka akipiga kelele, ilhali filimbi anaweza kuipuliza kwa muda mrefu. Chakula kiwe kile mnachokula kwa kawaida, kikavu au cha kopo, kisichohitaji kupikwa. Mkiweka makopo, msisahau kifungulio.

Mwisho, linyanyue. Anayetarajiwa kulibeba huku amemshika mtoto mkono wa pili ndiye wa kusema kama ni zito.

Tuhifadhi maji kiasi gani?

Lita 4 kwa kila mtu kwa siku, kwa kunywa na matumizi madogo ya lazima, na zitoshe siku 3 kwa uchache. Nyumba ya watu watano inahitaji basi lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Mama anayenyonyesha, mgonjwa, na watu wa sehemu zenye joto kali huhitaji zaidi. Tumia vyombo vilivyotengenezwa kwa ajili ya chakula au maji. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au kemikali halifai hata ulioshe mara kumi. Funika vizuri, weka mbali na jua, andika tarehe, na ubadilishe kila miezi sita.

Na yakiisha tukabaki na maji tusiyoyaamini?

Yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika 1. Mkiishi mahali palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, yaacheni dakika 3, kwa sababu huko maji huchemka kwa joto la chini zaidi.

Kama hakuna kuni wala gesi, blichi ya kawaida ya majumbani isiyo na manukato, yenye klorini kama asilimia 5 au 6, hufanya kazi: matone 2 kwa lita moja ya maji maangavu, au matone 4 kama yana ukungu. Koroga, subiri dakika 30. Njia hizi zote mbili huua vijidudu tu. Haziondoi mafuta, dawa za mashambani wala kemikali za viwandani, hivyo maji yanayonuka petroli msiyaguse.

Maji mabaya huleta kuhara, na kinachoua haraka katika kuhara ni kupungukiwa maji mwilini. Kama hamna pakiti za chumvichumvi za kliniki, changanya lita 1 ya maji salama na vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vipimo vikiwa vya kusawazishwa, si vya kurundika. Mpe mgonjwa kidogo kidogo. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, kwa hiyo usikadirie kwa macho.

Umeme ukikatika kwa muda mrefu, chakula cha kwenye friji kinadumu vipi?

Msifungue mlango ovyo. Friji iliyofungwa hubaki na ubaridi wa kutosha kwa takriban saa 4. Friza iliyojaa huweza kufika saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Nyama, samaki, maziwa na vyakula vilivyopikwa vikikaa kwenye joto zaidi ya saa 2, tupeni. Usionje ili kujua kama kimeharibika. Chakula chenye vijidudu vya hatari kinaweza kuwa na ladha nzuri kabisa.

Chomoa vifaa kwenye soketi, uache taa moja tu ya kukuarifu umeme umerudi. Anayetumia insulini amuulize mfamasia mapema namna ya kuitunza bila friji.

Madirisha yetu yana nondo na milango ina makufuli. Moto ukitokea usiku tutatokaje?

Hili ndilo swali ninalotamani kila nyumba ingejiuliza leo. Ngao tuliyoiweka dhidi ya mwizi ndiyo inayowafungia watu ndani moto unapowaka. Mlango wa chuma wenye kufuli mbili, ufunguo mmoja ukiwa chini ya mto wa baba na mwingine kwenye mkoba wa mama aliyesafiri, hauna tofauti na ukuta.

Kila chumba cha kulala kinahitaji njia mbili za kutoka: mlango, na dirisha ambalo mtu anaweza kupita. Fundi wa kuchomelea anaweza kuligeuza dirisha moja la nondo likawa na bawaba na komeo la ndani linalofunguka bila ufunguo. Kama haiwezekani kwa vyumba vyote, anzeni na kile wanacholala watoto au wazee. Mpangaji azungumze na mwenye nyumba. Ni kazi ya siku moja na haipunguzi ulinzi, mradi komeo lisifikike kwa mkono kutoka nje.

Ufunguo wa mlango unaotumia kufuli utundikwe karibu na mlango huo, mbali na dirisha, mahali pamoja kila usiku, na kila mtu apajue. Anayefunga mlango usiku asiondoke na ufunguo kwenda nao chumbani. Na msimfungie mtoto au mgonjwa ndani kwa nje, hata kwa dakika za kwenda dukani.

Nikiamka nyumba imejaa moshi, nifanye nini?

Inama. Moshi wa moto hupanda juu, na hewa inayofaa kupumuliwa hubaki karibu na sakafu. Tambaa kuelekea mlangoni. Kabla ya kuufungua, uguse kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, usiufungue, tumia njia ya pili. Ukifunguka salama, toka na uufunge nyuma yako, maana mlango uliofungwa huchelewesha moto na moshi kuwafikia wengine. Usikusanye vitu.

Ukinaswa chumbani, funga mlango, ziba nafasi ya chini kwa shuka au nguo, iliyoloweshwa kama kuna maji, nenda dirishani ukapige kelele na kupunga kitu cheupe. Nguo zikishika moto usikimbie: simama, lala chini, funika uso, jiviringishe.

Aliyetoka asirudi ndani, kwa sababu yoyote. Waambie waokoaji nani amebaki na analala chumba kipi.

Vitambua moshi vina umuhimu kweli?

Ndiyo, sana. Harufu ya moshi si ya kutegemewa kumwamsha mtu aliyelala fofofo; king'ora kitamwamsha. Mkimudu kimoja tu, kiwekeni darini karibu na vyumba vya kulala. Kijaribuni kila mwezi kwa kubonyeza kitufe chake, na kibadilisheni kikifikisha miaka 10. Jikoni kitawasumbua kwa moshi wa kupika mpaka mtakitoa betri, kwa hiyo kisikae hapo.

Mafuta yameshika moto kwenye sufuria. Nimwagie maji?

Kamwe! Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko au sinia la chuma, uache imefunikwa mpaka ipoe kabisa. Usiibebe kwenda nje. Kama huwezi kuikaribia, watoe watu, funga mlango wa jikoni, uite zimamoto.

Kizimamoto kinatumikaje?

Vuta pini, elekeza mdomo kwenye shina la moto na si kwenye miali, bana mkono wake, peperusha kulia na kushoto. Kitumie tu kama moto bado ni mdogo, wengine wameshatoka, na mlango uko nyuma yako. Kwa nyumbani, cha unga mkavu hufaa aina nyingi za moto, ukiwemo wa umeme. Mtungi mdogo huisha kwa sekunde chache, usipofanikiwa, toka.

Nasikia harufu ya gesi. Nifanye nini kwanza?

Usiwashe taa, na iliyowaka usiizime. Cheche ndogo ndani ya swichi inatosha. Usiwashe kiberiti wala usipige simu ukiwa ndani. Funga valvu ya mtungi kama unaweza kuifikia, fungua milango na madirisha, toa kila mtu, kisha piga simu ukiwa mbali.

Gesi ya mitungi, ambayo ni propani na butani, ni nzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na kutuama mabondeni, kwenye mifereji na chini ya makabati, ndiyo sababu kufungua dirisha la juu pekee hakutoshi. Yenyewe haina harufu. Kile kinachonuka huongezwa kwa makusudi ili mwanadamu aonywe.

Kila mnapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio ya regulata na mpira. Mapovu yakifura, inavuja. Wapo wanaojaribu kwa njiti ya kiberiti. Tafadhali msifanye hivyo. Mtungi usimame wima daima, na mpira uliopasuka au kukakamaa ubadilishwe mara moja.

Ni salama kuingiza jiko la mkaa ndani wakati wa baridi?

Hapana. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala moshi. Mkaa uliokolea, ambao haufuki tena na watu hudhani umekuwa salama, huendelea kuitoa. Huanza na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na aliyelala hapati hata dalili hizo. Familia nzima hufa usingizini chumba kikiwa kimefungwa vizuri. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga. Vaeni nguo nzito, laleni pamoja, lakini jiko libaki nje.

Jenereta ina hatari ileile: iwe nje, angalau mita 6 kutoka milangoni na madirishani, moshi wake ukielekea upande usio na nyumba, ya jirani pia. Watu kadhaa nyumbani wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, sababu mtaitafuta baadaye.

Mtu amenaswa na umeme. Nimvute?

Usimguse, utanaswa na wewe. Zima swichi kuu. Kama haifikiki, simama juu ya kitu kikavu na umsukume mbali na waya kwa ufagio wa mti mkavu au kiti cha plastiki. Waya za nguzoni zilizoanguka msizisogelee kabisa mpaka shirika la umeme lithibitishe zimezimwa.

Akiwa hajitambui na hapumui kawaida, ita msaada na uanze kubonyeza katikati ya kifua chake kwa mikono miwili, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukatisha. Kozi ya huduma ya kwanza itakufundisha hili kwa mikono, vizuri kuliko maandishi yoyote.

Kwa kinga: soketi iliyo ya moto, inayotoa cheche au harufu ya plastiki iacheni kutumika leo hii. Ekstensheni moja isibebe friji, pasi na hita kwa pamoja.

Mtoto ameungua. Tumpake nini?

Maji tu. Maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi lakini si ya barafu, kwa dakika 20. Vua pete na nguo zilizo karibu kabla ya uvimbe, ila iliyoganda kwenye ngozi iache. Kisha funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Dawa ya meno, mafuta, yai, unga: vyote hivi hufungia joto ndani au huleta maambukizi, na muuguzi hulazimika kuvikwangua kutoka kwenye kidonda kibichi. Malengelenge msiyapasue. Kidonda cha usoni, mikononi, sehemu za siri, au kikubwa kuliko kiganja cha mwenyewe kiende hospitali.

Amekunywa mafuta ya taa. Tumtapishe?

Msimtapishe, wala msimpe maziwa au mafuta ili atapike. Mafuta ya taa yakipanda huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Vilevile asidi na sabuni kali huunguza koo mara ya pili zikirudi. Mpelekeni hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Chanzo cha mengi ya haya ni chupa ya soda au ya maji iliyowekwa kitu kingine. Mtoto hasomi lebo, anaitambua chupa. Acheni kila dawa kwenye chombo chake cha asili, kabatini, palipofungwa. Na blichi isichanganywe na dawa nyingine ya kusafishia choo. Mchanganyiko huweza kutoa gesi ya sumu.

Kitu gani ambacho wazazi husahau?

Ndoo. Mtoto anayetambaa huzama katika maji ya sentimita chache tu, kimya, bila kupiga kelele. Mwageni maji mkimaliza kufua, funikeni mapipa. Pia betri ndogo za duara za rimoti na vinyago: ikimezwa na kukwama kooni huweza kuunguza ndani katika saa 2. Msisubiri dalili, nendeni hospitali.

Akipaliwa na hawezi kukohoa wala kulia, mwinamishe na umpige mapigo 5 kati ya mabega, kisha msukumo 5 juu ya kitovu kuelekea ndani na juu, urudie. Kwa aliye chini ya mwaka 1 usibonyeze tumbo kabisa. Baada ya mapigo ya mgongoni bonyeza katikati ya kifua.

Maji ya mafuriko yanaanza kuingia. Tuokoe vitu?

Zima umeme kama swichi iko pakavu na umesimama pakavu. Kama umeshakanyaga maji, iache. Pandeni juu mapema. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 hubeba magari mengi. Kina msichokiona msikivuke, hata kama ni njia ya kila siku, kwa sababu huenda chini barabara imeshachukuliwa. Chakula chochote kilichoguswa na maji hayo kitupwe.

Tetemeko la ardhi nalo?

Ukiwa ndani baki ndani: piga magoti, ingia chini ya meza imara, ishikilie, kinga kichwa na shingo. Wengi huumia kwa vitu vinavyoanguka wakati wakikimbilia nje. Makabati marefu yafungwe ukutani kabla, hasa yaliyo kando ya vitanda.

Mama yangu ni mzee na hatembei vizuri. Mpango wetu umjumuishe vipi?

Muulize yeye kwanza. Anajua nini anaweza na nini hawezi, na huenda amelifikiria hili usiku mwingi bila kusema. Kisha alale chumba cha chini kilicho karibu na mlango, fimbo, miwani, tochi na viatu viwe palepale mkono unapofika. Mtajeni mtu mmoja wa kumsaidia kutoka, na wa pili kama wa kwanza hayupo. Wajibu wa wote huishia kuwa wa hakuna. Jirani mmoja aambiwe chumba chake ni kipi. Siku za kawaida hatari yake kubwa ni kuanguka: ondoeni mikeka inayoteleza, wekeni taa njia ya chooni na kishikio imara bafuni.

Tulifanya zoezi la moto na watoto wakaogopa. Tuendelee?

Endeleeni, ila badilisheni namna. Wapeni kazi: mmoja apulize filimbi, mwingine ahesabu watu mkifika nje. Fanyeni mara mbili kwa mwaka, moja ikiwa ya usiku, na siku moja mwacheni mtoto mkubwa aongoze bila ninyi kusema neno. Waambieni pia kwamba mtu aliyevaa barakoa na kofia kubwa moshini amekuja kuwasaidia, kwa maana watoto wadogo humwogopa zimamoto wakajificha uvunguni, na huko huwa vigumu kuonekana.